Chakula Nilichomnyima Binti Yangu

Nimefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kutaja. Nimechora sahani ubaoni mara nyingi, nikaigawa vipande, hapa wanga, hapa protini, hapa mboga na matunda, na mwanafunzi aliyekosea kipande nilimsimamisha mpaka kengele ilie. Nilikuwa na somo zima juu ya mlo wa mama mjamzito. Nililijua kwa kichwa, ningeweza kulifundisha huku nikisahihisha madaftari. Kisha nikastaafu, nikarudi nyumbani kwangu Mkonze, na humo humo nyumbani, ghala likiwa limejaa, nikamnyima binti yangu chakula kwa miezi mitatu akiwa na mimba yake ya kwanza.

Nimeliandika hivyo hivyo bila kulizungusha, kwa sababu kila ninapojaribu kulisema kwa mdomo watu hunikatiza kabla sijafika katikati.

Sikumnyima kwa ukatili. Naomba hilo lieleweke, ingawa sijui litasaidia nini. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa mkubwa. Nilikuwa mwalimu mpya katika shule moja ya mbali, nina mimba na nina vyeti, nikala kama nilivyofundishwa chuoni: mayai, maziwa, maharage, papai. Uchungu ulinishika siku mbili. Nilipofikishwa hospitali nikiwa nimelazwa kwenye tela la trekta, mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Mama mmoja aliyenikanda kiuno njiani aliniambia baadaye kwamba alikuwa mtoto mzuri, ana mashavu. Mama yangu mzazi alipokuja kunipa pole alikaa chini, akaninyoosha miguu vizuri, akasema, "Ulishiba mno."

Wanawake wa kwetu wa umri ule walilijua jambo hilo na hawakubishana nalo. Mimba ikifika mwezi wa saba, mjamzito anavuta mkono kwenye chungu. Mtoto abaki mdogo, apite, atanenepa akishatoka. Mimba yangu ya pili nilikula kama mama alivyotaka, na binti yangu akatoka salama, mdogo, analia. Ndiye mtoto pekee niliye naye. Basi chuo na mama yangu waligombana ndani yangu, na mama akashinda. Darasani niliendelea kufundisha ya chuo kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanaulizwa kwenye mtihani.

Binti yangu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, anaishi Nzuguni na mumewe, kijana mpole wa Kanda ya Ziwa, dereva wa ofisi, mtu wa safari za kila wiki. Kwetu mimba ya kwanza hujifunguliwa kwa mama. Mwezi wa saba ulipoingia nilimfuata mwenyewe. Mume alimpakia kwenye gari na mfuko wa nguo za mtoto na tunda la tikiti alilokuwa amemnunulia njiani. Tikiti nililigawa kwa majirani siku ile ile.

Ulikuwa msimu baada ya mavuno, upepo ule wa baridi unaopeperusha vumbi la Dodoma mpaka ndani ya sukari. Nilikuwa na magunia ya uwele na mtama, madebe mawili ya karanga, kuku wanaotaga. Nimeishi miaka ya njaa katika mkoa huu na ninajua kulala na tumbo tupu; ule haukuwa mwaka wa njaa. Asubuhi nilimpa uji mwepesi wa uwele, bila karanga wala maziwa. Mchana tonge za kuhesabika za ugali, na mlenda. Jioni chai ya rangi. Mayai nilimpelekea mchungaji, na akanishukuru kwa maombi marefu.

Alikuwa na njaa, na nilimwona ana njaa. Mwanzoni alinitania. "Mama, nipatie hata kiazi, mjukuu wako anagonga mlango." Nami nilimjibu, "Unataka kupasuliwa?" Hapo aliacha utani, maana hadithi ya ndugu yake aliyefia tumboni ameisikia tangu utotoni, na alikuwa anaogopa kisu kama mimi nilivyokuwa naogopa. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba, amejibanza pembeni ya tangi la maji, anakula chipsi mayai kwenye mfuko wa karatasi. Nilimnyang'anya mkononi nikawamwagia kuku. Alisimama akiwatazama wanavyogombania, akajifuta vidole kwenye kitenge, akasema, "Samahani, mama."

Akaanza kula udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni na viungo. Nilimwacha ale. Udongo haumnenepeshi mtoto. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki nilivifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni, kwa sababu nilisikia navyo vinamkuza mtoto. Mimi, niliyewahi kumpa mwanafunzi alama sifuri kwa kushindwa kuandika faida za madini ya chuma.

Nesi wa zahanati yetu aliliona kwenye kadi. Uzito haupandi, damu iko chini. Akamuuliza, "Mdogo wangu, unakula?" Binti yangu akamjibu kwamba anakula vizuri sana, tena anapikiwa na mwalimu wa chakula. Alinisimulia aliporudi, huku anacheka kidogo, ili nijue kwamba amenifichia aibu. Nikamsifu.

Alijifungua mchana, kwa haraka. Tulimpeleka hospitali ya mjini asubuhi, na kabla jua halijageuka mtoto alikuwa ametoka, wa kiume. Nilipiga vigelegele ukumbini mpaka mlinzi akaja. Hakupasuliwa! Niliwaambia wanawake wote waliokuwa kwenye benchi, nikampigia simu mkwe wangu nikamwambia, hakupasuliwa. Nilikuwa bado nina simu sikioni nilipoona wauguzi wanapita mbio na chupa za damu.

Alimwaga damu nyingi, na ndani yake hakukuwa na akiba. Walimwongezea. Alipona. Mtoto alikuwa mdogo kiasi kwamba ngozi ya mapaja ilimlegea ikajikunja, uso wake wa kizee, na alikuwa hana nguvu ya kunyonya. Walimfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na hapo wakakaa wote wawili siku nyingi, wanatazamana.

Tuliporudi Mkonze, yule nesi wa zahanati alikuja nyumbani kumpima mtoto. Nieleze hapa kwamba alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha darasa la sita na la saba, alikuwa na mwandiko mzuri. Aliingia, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akampima mtoto, akamtazama mama yake ndani ya macho na kwenye kucha, akaandika. Kisha akauliza kwa adabu, akinitazama mimi, "Mwalimu, huyu wakati wa ujauzito alikuwa anakula nini?"

Binti yangu alikuwa amekaa mkekani, mtoto kifuani. Akaniangalia. Nakumbuka namna alivyoniangalia: alikuwa anasubiri. Kliniki alikuwa amenifichia, sasa ilikuwa zamu yangu, na ningeweza kusema maneno matatu tu yakatosha. Lakini mbele yangu alikuwa mtoto niliyemfundisha ile sahani. Nilimwona ubaoni, na chaki, na sketi ya buluu. Nikaona aibu ya kufa mtu.

"Huyu?" nikasema. "Huyu alikuwa mvivu wa kula. Mayai yapo, karanga zipo. Napika, napakua, hataki. Anakula udongo. Nimembembeleza mpaka nimechoka."

Nesi akatikisa kichwa. Akamgeukia binti yangu, akamweleza kwa upole, kwa sauti nzuri, kila kitu nilichomfundisha mimi: kwamba mtoto anajengwa na anachokula mama, kwamba damu inatengenezwa na chakula, kwamba sasa ajitahidi. Binti yangu akaitikia, "Ndiyo, dada." Hakuniangalia tena. Nami nilimsindikiza nesi mpaka barabarani na trei ya mayai.

Sikujua nimefanya nini. Nilidhani nimeokoa jina langu na mambo yamekwisha.

Mzazi hakai peke yake siku arobaini. Nilimpikia sasa, kwa bidii ya mtu mwenye hatia: mtori, uji wa ulezi wenye maziwa na karanga, supu ya kuku. Hakula. Anashika kijiko, anakiweka. Anasema, "Mtoto hakula, mimi nile vipi?" Wageni walikuja na sabuni na sukari, wanasema hongera, halafu wanafunua khanga na kushtuka. "Mbona mdogo hivi?" Yeye akawajibu kila mmoja, kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma tangazo: "Nilimnyima chakula." Wageni walicheka kwanza. Baadaye wakaacha kucheka, na baadaye wakaacha kuja.

Usingizi ukamtoka. Maziwa yakakauka. Akawa anamtazama mtoto akinyweshwa maziwa ya kopo kwa kijiko, ananiambia, "Unaona anavyonikwepa macho? Anajua." Nikamwambia aache upuuzi. Nilimkaripia, Mungu anisamehe, nikamwambia wanawake wote wamezaa, si yeye wa kwanza, ajikaze. Jirani akasema ni pepo. Mchungaji akaja akamwekea mikono kichwani, naye binti yangu alifumba macho kwa heshima mpaka maombi yalipoisha, akauliza, "Je, mtu aliyemnyima mwanawe chakula anaombewa vipi?"

Mkwe wangu aliporudi safari na kumkuta hivyo, alikaa na mimi jikoni. "Mama," akasema, "mke wangu anaumwa. Tumpeleke hospitali ya akili." Nilikataa. Dodoma nzima inaijua hospitali hiyo. Watoto wakigombana njiani wanaambiana waende huko, na mtu akitoka huko jina linamfuata mpaka kaburini. Nilimwambia kwamba mwanangu hana kichaa, ni uchovu wa uzazi, utaisha siku zikitimia. Alinisikiliza kwa sababu mimi ni mama mkwe na ni mwalimu. Tukapoteza wiki mbili nyingine.

Siku ya thelathini na kitu, niliamka nikamkuta ameoga, amevaa, ametandika kitanda. Nikafurahi. Nilitoka kwenda kuchukua unga mashineni, mwendo mfupi tu. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu. Nikafikiri yuko kwa jirani. Nikaanza hata kuchekecha unga. Kisha nikamwona nesi anakuja mbio kutoka barabarani, amevaa sare, amembeba mjukuu wangu.

"Mwalimu, mama yake yuko wapi?"

Alikuwa amekwenda zahanati peke yake. Alisubiri zamu yake kwenye benchi pamoja na wenzake. Alipoitwa akamlaza mtoto kwenye mizani, akasema, "Mpimeni, mtaona. Mimi sifai kukaa naye." Nesi akageuka kuchukua kalamu, akidhani ni maneno ya uchovu. Alipogeuka tena, mtoto alikuwa kwenye mizani na mama hayupo.

Tulimtafuta mtaa mzima. Nilikuwa nakimbia na mikono yenye unga. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani ndio waliomwona, upande wa reli, amekaa juu ya kokoto, viatu amevivua na kuvipanga pembeni. Hawakumuuliza kitu. Waliweka ndoo chini wakakaa naye, mmoja kila upande, wakamshika mikono mpaka tulipofika. Nawashukuru wanawake wale kila siku ninayoamka, na hata leo siwezi kuwatazama usoni.

Hapo sikubisha tena. Mkwe wangu alileta gari, tukampeleka kule nilikokataa.

Daktari alikuwa kijana, mwenye sauti ya chini. Alitueleza kwamba huu ni ugonjwa, unawapata wazazi wengi, unatibika. Kwamba upungufu wa damu, kukosa usingizi na kukosa chakula huuongezea nguvu. Kwamba tungemleta mapema ingekuwa rahisi zaidi. Kisha akamgeukia binti yangu, akamuuliza kwa nini anasema alimnyima mtoto chakula. Nani alimwambia?

"Mama," akasema. "Mama alimwambia nesi. Alinipikia kila kitu, mimi nikawa mvivu wa kula." Akaongeza, kana kwamba anamsaidia daktari kuelewa: "Mama yangu anajua mambo ya chakula. Amefundisha."

Nilisimama. Sikumbuki kusimama, nakumbuka kiti kikianguka nyuma yangu. Nikasema yote, mbele ya daktari, mbele ya mkwe wangu, kwa sauti kubwa kuliko chumba kile. Nikasema uji mwepesi, nikasema tonge, nikasema vidonge vya kabatini na chipsi mayai nilizowamwagia kuku. Nikasema nilimdanganya nesi. Mkwe wangu akafunika uso kwa mikono yote miwili na hakuifunua.

Binti yangu akanivuta kitenge taratibu, kama mtoto anayemwita mama yake kanisani.

"Mama, usijisingizie," akasema. "Usijisingizie kwa ajili yangu."

Nilimtazama nikitafuta kama ananihurumia au ananilipizia kisasi. Hakukuwa na hata kimoja. Alikuwa anaamini. Yale niliyoyasema mkekani kwa dakika moja ya aibu yalikuwa yameingia ndani yake yakakaa mahali pa yale aliyoyaona kwa macho yake kwa miezi mitatu. Daktari aliniambia pembeni kwamba ugonjwa huchanganya kumbukumbu, nisilazimishe, nimweleze atakapopona.

Alipona. Ilichukua dawa, miezi, na mume ambaye aliomba kuondolewa safari. Alirudi Nzuguni, akarudi kazini. Mjukuu wangu ana miaka mitatu sasa, alichelewa kutembea, ni mwembamba na ana kikohozi kisichoisha, lakini anaimba siku nzima. Mkwe wangu hunisalimia kwa heshima zote na hajawahi tena kula nyumbani kwangu.

Binti yangu ndiye anayekuja. Hunifulia, hunisuka, huniletea dawa za presha. Nimemweleza, si mara moja. Nilimweleza akiwa mzima kabisa, tukichambua mboga. Nilimtajia kuku, nikamtajia tangi la maji. Alifikiri kidogo, akasema, "Mama, kila mtu ana namna yake ya kunipenda. Lakini mimi najijua. Nilikuwa sili." Nikamletea vile vidonge, bado nilikuwa navyo kabatini. Akavitazama, akasema, "Unaona? Hata hivi sikumeza."

Mwezi uliopita umoja wa wanawake wa kanisa uliwakusanya mabinti wenye mimba na waliojifungua karibuni, wakamwomba binti yangu azungumze nao. Nilikaa benchi la pili. Alizungumza vizuri, bila kuona haya. Akawaambia kwamba huzuni baada ya kujifungua si laana, kwamba aliwahi kulazwa na hafichi, kwamba waseme mapema wakiona giza. Mabinti walikuwa wanamsikiliza bila kupepesa. Kisha akafika kwenye chakula.

"Msifanye kama mimi," akawaambia. "Mimi nilikuwa na mama aliyejua kila kitu. Mayai yapo, karanga zipo. Anapika, anapakua, nakataa. Mwanangu ndiye aliyelipa." Akaninyooshea mkono. "Mama yangu yule pale."

Wakageuka wote. Wakanipigia makofi.

Nilisimama. Nikasema, "Ni mimi niliyemnyima. Yeye alitaka kula." Nilisema wazi, kwa sauti niliyofundishia. Makofi yakapungua, kisha yakaongezeka, na mama mmoja mbele yangu akafuta machozi akamwambia mwenzake, "Mwangalie, anambebea mtoto wake lawama." Binti yangu alishuka kutoka mbele, akanishika bega. Macho yake yalikuwa yamejaa upendo, upendo mtupu, hakukuwa na kingine.

"Kaa, mama," akaninong'oneza. "Umechoka."

Nikakaa.